Mgeni Aliyemchunga Mbwa Wangu Siku Kumi

Rafiki yangu alifika Kasongo saa kumi jioni akiwa na matope mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekaa siku mbili nyuma ya pikipiki kutoka Kabambare, na nusu ya siku nzima ilikwisha kwenye daraja ambalo magogo yake yalichukuliwa na maji. Mkononi alikuwa bado amemshika kuku hai aliyefungwa miguu, zawadi yangu. Aliposhuka hakuweza kunyoosha magoti. Akashikilia bega la mwenye pikipiki, akaniambia, "Yaya, ungoje kwanza. Miguu yangu inakuja nyuma."

Ananiita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu nilimtangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja. Tulisoma sekondari pamoja hapa Kasongo, tukilala kitanda kimoja nyumbani kwa shangazi yake. Mimi nilikuwa binti wa wakristo kutoka mashambani, yeye binti wa waislamu, na shangazi yake alinifundisha kula nikiwa nimekaa mkekani na kunyamaza wengine wanaposali. Baadaye mimi nikawa mwalimu wa shule ya msingi, yeye akawa muuguzi wa kuzalisha huko Kabambare. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka tisa. Mara barabara, mara hofu ya watu wenye bunduki njiani, mara mtoto mgonjwa. Mwaka huo alipata likizo, likizo ya kweli, na akaamua kuitumia kwangu. Siku saba, alisema. Siku saba za kulala na kula mchele wa Kasongo.

Kuna jambo moja lilikuwa linanisumbua tangu aliponipigia simu. Mimi nina mbwa wawili. Kama nilivyoacha majina ya watu katika habari hii, nitaacha na ya mbwa pia. Mmoja ni jike mzee wa rangi ya udongo, mkia umejikunja juu ya mgongo, mmoja wa wale mbwa wa kwetu wasiobweka ovyo. Marehemu mume wangu alikuwa akimfunga kengele ya mti shingoni na kwenda naye porini kutafuta simbilisi, wale panya wakubwa wa porini, kwenye majani marefu. Wa pili ni mwanawe, dume mwenye paji jeupe, mwenye miguu mirefu na akili kidogo. Tangu mume wangu afariki, hao ndio wenzangu. Asubuhi wananisindikiza mpaka kwenye ua wa shule, halafu wanarudi wenyewe. Jumamosi tunakwenda shambani watatu, mimi mbele, mzee nyuma yangu, kijana popote. Nikipika bugali, cha chini ya sufuria ni chao, na wanajua, kwa hiyo wananitazama nikisonga kama wanafunzi wanaongoja kengele.

Lakini mgeni wangu ni mtu wa sala tano. Nilijua mate ya mbwa kwake ni najisi. Basi nilijitayarisha. Niliazima sufuria mbili na sahani kwa jirani mwislamu, nikafua mapazia, nikatafuta samaki wa Nyangwe sokoni, maana samaki haulizwi amechinjwa na nani. Na nilitafuta kamba mbili za kufunga mbwa nyuma ya nyumba.

Aliponiona na zile kamba, siku ileile ya kwanza, akauliza, "Hizo za nini?"

"Za mbwa. Usipate tabu na sala."

"Wao walikuwa hapa kabla yangu?"

"Ndiyo."

"Basi acha. Mugeni hawezi kuja kumufunga mwenye nyumba."

Kisha akafanya jambo ambalo mbwa wangu walilielewa kuliko mimi. Alichukua kijiti, akawaonyesha kizingiti cha chumba chake, akawaambia kwa sauti ya chini, sauti anayotumia bila shaka kwa wanawake wenye uchungu, "Salamu zenu. Lakini mubaki pale." Yule kijana alijaribu mara mbili kuvuka. Mara mbili kijiti kiligusa sakafu mbele ya pua yake, hakikumpiga. Mara ya tatu alilala nje ya mlango, kidevu juu ya kizingiti, na kuanzia siku hiyo kila saa ya sala alikuwa pale, anatazama ndani mpaka rafiki yangu anapomaliza. Mkeka wake wa sala aliuning'iniza juu kwenye misumari. Hakulalamika hata siku moja, na hakuwagusa hata mara moja. Mambo hayo mawili aliyashika pamoja bila kelele, nami sijaona wengi wanaoweza.

Siku tatu tulikaa hivyo. Tulikaanga samaki kwa mawese, tulitwanga sombe ya majani ya muhogo, tuliwasema watu wote tuliosoma nao, walio hai na waliokufa. Alilala mchana kama mtu anayelipwa kulala.

Siku ya nne, alasiri, binti wa majirani alikuja kunirudishia kinu kidogo cha pilipili. Ana miaka sita hivi, ni mwepesi, hapiti mlangoni kama anaweza kupita mahali pengine. Alikuja kwa upande wa jikoni, ambako yule jike mzee alikuwa anakula. Nadhani aliinama kumpapasa, kama alivyofanya mara mia. Tulisikia ukelele mmoja. Nilipotoka, mtoto alikuwa amekaa chini, kinu kimevunjika, na damu ilikuwa inashuka kutoka kwenye mkono mpaka kwenye kiwiko. Mbwa alikuwa amerudi nyuma, masikio yamelala, kama aliyepigwa yeye.

Mimi nilisimama tu. Nimefundisha watoto miaka ishirini, nimefunga vidonda vingi, lakini siku ile nilisimama. Rafiki yangu alinipita. Aliyekuwa anasinzia kwenye kiti dakika moja iliyopita, sasa alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi na mtoto yuko kwenye mapaja yake.

"Yaya, maji. Birika. Na sabuni, ile ya kipande."

Nilileta. Akaniamuru nimimine polepole bila kukatisha, naye akawa anaosha kidonda kwa sabuni, anaosha, anaosha tena. Maji yaliisha nikaenda kuchota mengine. Nilifikiri imetosha, akasema bado. Mtoto alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na muda wote ule rafiki yangu alikuwa anamwuliza mambo: nani alikusuka hizi nywele, dada yako mukubwa ana meno mangapi, shuleni unakaa na nani. Mtoto alikuwa anajibu katikati ya kilio.

Bibi yake alifika kwanza. Alikuwa ameshika makasi. Alitaka kukata manyoya ya mbwa, ayachome, atie majivu kwenye kidonda, kama tulivyotiwa sisi sote tulipokuwa wadogo. Rafiki yangu hakumkataza mbele za watu. Alisema, "Bibi, pole. Njoo ukae hapa, umushike mutoto kichwa. Anataka mukono wako kuliko ya kwangu." Yule bibi akaweka makasi chini, akakaa, akamshika mjukuu wake kichwa, na habari ya majivu ikaishia hapo.

Halafu akaja baba. Yeye huchimba dhahabu Salamabila, na alikuwa amerudi nyumbani kwa wiki mbili. Alikuja na panga, nyuma yake vijana watatu wa avenyi yetu, mtaa wetu, wana fimbo. Wiki kadhaa kabla yake palikuwa na maneno kwamba mbwa mwenye kichaa alipita upande wa barabara ya Nyangwe, na hakuna aliyejua aliuma nini na nani. Sasa mbwa wangu, ambaye hajawahi kuuma mtu, ameuma. Watu waliliunganisha hilo na lile kwa haraka, na siwalaumu. Hata mimi niliunganisha.

"Mama mwalimu, nakuheshimu," yule baba akaniambia, "lakini mbwa anakufa leo."

Rafiki yangu alisimama, nguo yake imelowa maji na damu, akajiweka kati ya yule mtu na upande wa jikoni. Ni mwanamke mfupi. Kichwa chake kilifika kifuani mwa yule baba.

"Baba, mimi niko muganga wa hospitali. Nisikilize kidogo tu, kisha utafanya unayotaka."

"Wewe ni muislamu. Mbwa inakuhusu nini?"

"Mbwa hainihusu. Mutoto ananihusu."

Akaendelea, polepole, kama anayemweleza mume wa mgonjwa. Alisema mbwa mwenye kichaa cha kuambukiza hadumu. Akiwa tayari na ugonjwa kwenye mate siku aliyouma, hatapita siku kumi bila kuonekana amebadilika au kufa. Akipita siku kumi akiwa mzima, basi mate yake siku ile yalikuwa safi, na mtoto hana cha kuogopa kwa mbwa huyu. "Ukimuua leo," alisema, "umezika jibu. Utamutazama mutoto wako miezi na miezi, kila siku akiumwa kichwa utauliza, ni ile? Umufunge mbwa. Umupe siku kumi. Na chanjo tunaitafuta kuanzia sasa hivi, hatungojee mbwa."

"Na nani atamuangalia? Mwenye mbwa?" Aliuliza bila kunitazama.

"Mimi."

"Wewe ni mugeni. Unarudi kwenu."

"Nitabaki."

Shefu wa avenyi yetu ni mama mmoja muuza mawese, na alikuwa amefika akiwa bado na mikono ya mafuta. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni sawa, siku kumi, mbwa afungwe, asikaribiwe na mtu ila yule muganga, na siku ya kumi sote tuonane hapahapa. Baba akashusha panga. Hakukubali, alishusha tu.

Jioni ile nilimwambia rafiki yangu kwamba likizo yake nimeiharibu. Alikuwa anapiga simu. Alimpigia mkubwa wake Kabambare akaomba siku za ziada. Akampigia mwenzake, na mwenzake wa mwenzake, kuuliza chanjo iko wapi. Hapa ilikuwa haipo siku hizo. Saa moja baadaye aliipata Kindu, na mtu wa kuileta kwa pikipiki ndani ya boksi la barafu. Shida ilikuwa barafu: njia ni ndefu, na barafu haingojei mtu. Ilibidi mtu atoke Kasongo na boksi jingine lenye barafu mpya, wakutane njiani. Tulipomweleza yule baba, alikwenda kuazima pikipiki. Alirudi siku ya tatu ya zile kumi, mchana, amekumbatia boksi kifuani kama mtoto mchanga, macho mekundu kwa vumbi, akaingia nalo moja kwa moja kituo cha afya. Binti akachomwa sindano ya kwanza, nyingine zikafuata kwa siku zilizopangwa.

Kwangu, jike mzee alikuwa amefungwa kwenye mpera kwa mnyororo wa baiskeli. Rafiki yangu alichukua daftari jipya la shule kwenye kabati langu, akaandika kila siku mara tatu: amekula nini, amekunywa kiasi gani, anasimama vipi, sauti yake iko vipi. Chakula alikisukuma yeye mwenyewe kwa fimbo ndefu. Siku ya pili nilitaka kumsaidia, akanikataza. Niliumia kidogo, nikamwuliza kama haniamini.

"Yaya, wewe unamupenda," alisema. "Jicho lenye kupenda haliandike ripoti."

Aliweka kiti chake hatua nane kutoka kwenye mpera, akakaa hapo siku nzima na mwavuli. Alitoka kwa sala na chakula tu. Watu waliopita njiani walimtazama, mwanamke mwenye kitambaa kichwani, anamlinda mbwa. Wengine walimwuliza kama ndiyo kazi aliyoifuata Kasongo. Aliwajibu kwamba likizo yake ni tamu, kazi ni kukaa.

Siku ya tano aliniita. "Muangalie anapogeuka. Kila mara anageukia kushoto. Muite kutoka upande wa kulia." Nilimwita kwa upande wa kulia, kwa sauti ndogo. Mbwa alishtuka na kuzungusha kichwa chote ndipo akaniona. Rafiki yangu alinyoosha fimbo polepole upande ule. Mbwa hakupepesa jicho. Kulikuwa na utando mweupe juu ya jicho la kulia, mwembamba kama maziwa yaliyomwagwa kwenye maji. Mtoto alikuwa amekuja kwa upande ule, mbwa anakula, mkono ukamwangukia kutoka gizani. Mimi niliishi na mbwa yule miaka minane, nampenda, na sikuona. Aliona asiyeweza hata kumgusa.

Nilifikiri mambo yamekwisha hapo. Lakini siku ya sita mbwa hakula. Nilimwona asubuhi amegeuzia sahani mgongo. Mchana vilevile. Rafiki yangu alisukuma bakuli la maji, tukangoja, na mbwa akanywa, kidogo. Hiyo ilikuwa dalili nzuri, akaniambia, lakini uso wake haukufurahi. Akafungua daftari na kushika biki.

Nilimwomba asiandike. Nasema hivi kwa aibu. Nilimwambia ni joto tu, ni mnyororo, mbwa amezoea kutembea, kesho atakula, kwa nini tuwatie watu hofu kwa siku moja. Yeye aliniacha nimalize.

"Nikificha hii," alisema, "hata yale mengine yote niliyoandika yamekuwa uongo."

Aliandika: hakula asubuhi, hakula mchana, amekunywa. Kisha akalichukua daftari, akavuka njia, akaenda kwa majirani. Nilimfuata kwa mbali. Yule baba alikuwa anatengeneza kiti, misumari mdomoni. Rafiki yangu akamsomea maneno yale kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza, akamwambia binti asikose sindano inayofuata kwa sababu yoyote, na kwamba kesho asubuhi atakuja tena kumsomea.

Yule mtu alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja. Nilikuwa nangoja aende kuchukua panga.

"Ungeweza kunyamaza," akasema.

"Ningeweza."

Akatazama upande wa nyumba yangu. "Basi tungoje."

Asubuhi ya siku ya saba mbwa alikula bugali yote, akalamba sahani mpaka ikageuka. Rafiki yangu aliandika, akavuka njia, akasoma. Kuanzia siku hiyo yule baba alikuja mwenyewe kila asubuhi, akasimama kando ya kiti cha rafiki yangu, mikono nyuma, anatazama mbwa anavyokula. Siku ya nane alikuja na binti yake, mkono umefungwa kitambaa safi. Mtoto alibaki mbali, akamwuliza rafiki yangu kama mbwa bado ana hasira. Rafiki yangu akamwita karibu na kiti, akamwonyesha lile jicho, akamfundisha: mbwa anayekula haguswi, na huyu uje kwa upande wa kushoto, umwite kwanza. Mtoto alilirudia somo hilo kwa sauti. Nilitamani wanafunzi wangu wote wawe hivyo.

Siku ya kumi walikuja wengi kuliko siku ya kwanza. Rafiki yangu alisoma daftari lote, siku kwa siku, na ile ya sita pia, kwa sauti ileile. Muuguzi wa kituo cha afya alikuwepo, akamtazama mbwa kwa muda, akasema ni mzima, na kwamba atazungumza na dokta kuhusu sindano zilizobaki. Shefu akaniambia nimfungue. Mbwa alijikung'uta, akanywa maji, akatembea mpaka kwenye kivuli chake cha zamani nyuma ya jiko, akalala. Hakuna aliyepiga makofi. Baba wa mtoto alikwenda mbele ya rafiki yangu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa. Alimwita mama, ingawa anamzidi umri.

Rafiki yangu aliondoka kesho yake asubuhi. Nilimfungia mchele na chupa mbili za mawese. Nilitaka kumwomba msamaha tena, akanizuia kwa kiganja.

"Nilikuja kukaa na wewe," alisema. "Si tumekaa?"

Kiangazi kilichofuata nilikwenda mimi Kabambare, mbwa nikiwaachia majirani, kwa baba yuleyule. Nilifika nikiwa na miguu iliyokufa kama yake. Nyumbani kwake hawakuwepo ila watoto. Wakaniambia mama yuko wodini. Nilimkuta huko. Kwenye benchi na chini ukutani walikuwa wamekaa wanawake kumi na zaidi wenye matumbo makubwa, wengine wametoka vijiji vya mbali kwa miguu, na yeye yuko peke yake na msichana mmoja wa kumsaidia. Alikuwa anapita kati yao na ile sauti ya chini. Niliambiwa na yule msichana kwamba hajapata likizo nyingine tangu ile, na kabla ya ile alikuwa amekaa miaka minne bila likizo.

Siku zile kumi chini ya mwavuli, kumbe, ndizo mapumziko pekee aliyokuwa nayo. Nilisimama mlangoni na mzigo wangu kichwani. Aliniona, akatabasamu, lakini kulikuwa na mama aliyekuwa tayari kujifungua. Akanyoosha mkono kwenye meza, akanipa beseni.

"Yaya, karibu. Shika hapa kwanza."

Nikaweka mzigo chini, nikashika.